Daktari Aliyeshika Ufunguo Peke Yake

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni dada yake, kitinda mimba.

Alihitimu udaktari mwaka 1988. Miaka miwili baadaye alimuoa wifi yangu, mwalimu wa hesabu. Harusini alichelewa saa nzima kwa ajili ya mgonjwa. “Alinikuta nimenuna,” wifi husema, “akanipima joto!” Walijaliwa mabinti wawili.

Alitibu homa na vidonda hadi mwaka 2009, alipofungua chumba cha waraibu wa heroini nyuma ya zahanati. Kila asubuhi walipanga foleni dirishani, wakanywa dawa ya kuzuia arosto, yale mateso ya kukosa unga, mbele yake. Wengine waliificha mdomoni wakauze, kwa hiyo kila mmoja alitakiwa kusema kitu.

“Shikamoo, dokta!”

“Marahaba. Sasa naamini umemeza.”

Mwaka 2016 msaidizi wake aliiba chupa za dawa. Tangu hapo ufunguo wa kabati na sahihi ya daftari vikawa vyake peke yake. Nilimsihi atafute wa kumpokea. “Nimwamini nani, mdogo wangu?” Ukaidi gani ule, jamani! Nilimpenda, lakini hapo alikosea.

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Hakutuambia. Alivuta stuli dirishani akaendelea. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa moja asubuhi, akifunga kamba za viatu aende kazini. Foleni ilimsubiri mpaka adhuhuri.

Leo Ijumaa ni siku ya nne hawajanywa dawa. Idara ya afya inasema daktari mwingine ataidhinishwa baada ya wiki mbili. Wiki mbili! Anayekosa dawa hurudia heroini, na kipimo alichokizoea zamani mwili hauwezi tena kukihimili. Kinyozi aliyekuwa akimnyoa kaka tulimpoteza hivyo jana.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mimi mdogo wake, na wagonjwa sitini na mmoja.

Hili halimo kwenye karatasi ya wasifu mliyoshika. Mwanangu ni mmoja wa hao wagonjwa. Alikuwa abebe jeneza la mjomba wake. Tulipotoka nyumbani alikuwa anatetemeka, akasema, “Mama, tangulieni, nakuja.”

Mungu ampumzishe kaka yetu. Aliyemwona mwanangu aniambie sasa hivi, tafadhali.