Kifuniko Kikifunguliwa, Papa Teta Hunyamaza

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama: nilijiunga na klabu ya sayansi kwa sababu maabara ya Papa Teta ndiyo mahali pekee mjini Gisenyi ambapo kunyamaza ni sheria. Kwingine kote nikinyamaza huulizwa kama naumwa.

Mzee Janvier Bimenyimana, ambaye sote tunamwita Papa Teta kwa jina la binti yake wa kwanza, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya ufundi wa maabara. Alizaliwa Cyanzarwe, akakulia Goma, akarudi na Kiswahili cha huko ambacho hajawahi kukibadilisha kwa ajili ya mkurugenzi yeyote. Alianza kwa kupima maji ya kunywa. Maabara ilipoingia katika utafiti wa kitosani, alikuwa wa kwanza kujitolea, na wa kwanza kutuita sisi wa shule ya jirani tuje kutazama.

Kitosani hutengenezwa kwa magamba ya kaa. Papa Teta aliyafuata mwenyewe kwa wauza samaki, ndoo mkononi, na Mama Languida, mmoja wao, hakumwacha apite bila utani.

"Papa Teta, we unabeba magamba tu! Nyama iko inakula nani?"

"Bon, we kula nyama. Siku utagonjwa, utanitafuta na hii magamba."

Hakuwa anatania tu. Kuna molekuli fupi iitwayo RNA inayoweza kuizuia seli isitumie jeni fulani, kwa mfano jeni linalosababisha ugonjwa. Lakini RNA ni dhaifu na haiwezi kuingia ndani ya seli peke yake. Papa Teta alitufundisha kwamba kitosani ni kama mbebaji wa Petite Barrière, mpakani kwetu na Goma: anafunga mzigo vizuri, anauvusha, kisha anaufungua upande wa pili. Mizigo yenyewe ni midogo kiasi kwamba hadubini yetu haiioni.

Adui wa RNA ni sisi. Mate na jasho letu vina vimeng'enya vinavyoikatakata. Kwa hiyo kifuniko kikifunguliwa, barakoa juu, midomo kimya. Kwa Papa Teta hiyo ilikuwa adhabu, maana hadithi zake hazina mwisho. Alikuwa akiikatiza hadithi katikati, anafanya kazi, anafunga kifuniko, kisha anaendelea kutoka neno lile lile.

Mwezi uliopita ilibaki chupa moja tu ya RNA. Ilikuwa ya kuzima jeni linalozifanya seli zetu za majaribio zing'ae kijani. Majaribio yote ya awali yalishindwa, na Papa Teta alitaka kuona hata moja likifaulu kabla hajaondoka. Siku hiyo alikuwa na furaha kupita kiasi. Miwani yake ilijaa ukungu, akashusha barakoa hadi kidevuni, akafungua chupa, na palepale akakumbuka kisa cha mbuzi aliyevuka mpaka bila kibali. Akavuta pumzi aanze.

"Papa Teta, mudomo!"

Ilikuwa sauti yangu. Mucyo, mwenzangu wa klabu, alinitazama kana kwamba kabati limesema. Papa Teta alirudi nyuma, akapandisha barakoa, akavaa glavu mpya, akamaliza kazi bila neno. Alipofunga kifuniko ndipo alipocheka hadi akafuta machozi. "Leo mutoto amenifunga mudomo! Na iko na haki!"

Siku mbili baadaye kijani kilikuwa kimefifia sana. Mucyo alishangilia, lakini Papa Teta alimzuia: seli iliyokufa nayo haing'ai. Akaweka rangi ya bluu inayoingia katika seli zilizokufa tu. Karibu zote zilibaki nyeupe. Zilikuwa hai. Aliketi, na kwa mara ya kwanza alinyamaza ingawa hakuna kifuniko kilichokuwa wazi.

Papa Teta, asante kwa magamba, kwa subira, na kwa kukubali kukatizwa. Mungu akupe miaka mirefu yenye afya, na wasikilizaji wa kukisikiliza kisa cha mbuzi mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita walikuja wanachama wapya wa klabu. Nilisimama mlangoni, nikawagawia barakoa, nikawaeleza sheria kwa sauti iliyowafikia hata wa nyuma. Kisha nikafungua kifuniko.