Majivu ya Jiko Langu

Mama zangu, na ninyi wazee mlioketi huko nyuma, shikamooni. Nimeombwa nisimame nitoe ushuhuda wa msiba wangu na nimesimama, ila msitegemee machozi. Yalishatoka, nitawaambia yalitokea wapi.

Mnajua kazi yangu kule kwenye tanuru la Mzungu. Tunachanganya majivu na udongo mweupe, tunapaka vikombe vya udongo ili ving'ae vikichomwa. Majivu yakitoka nyumba nyingine hatuyaamini, maana majivu ya kila mti huyeyuka kivyake: tunapaka kigae kwanza, tunakichoma, tunaangalia. Yangu hayakupimwa, kwa kuwa yalijulikana. Miaka yote nilichoma migomba mikavu na matawi ya kahawa.

Kisha nikamzika mume wangu. Mlinisifu kwamba nimejikaza. Ndugu zangu, nawaambia, sikujikaza. Nilikuwa sisikii kitu. Nilikula bila kujua ninakula nini. Watu walipotawanyika nikazoa majivu, nikajaza gunia, nikarudi kazini.

Tulipofungua tanuru, ule mpako wa majivu ulikuwa umechuruzika, vikombe vimegandana na sakafu ya tanuru. Mzungu akasema mwenye majivu yale aondoke. Kazi ile ndiyo inayolisha wanangu, lakini hata hapo sikushtuka. Nilijifunga kanga niende zangu.

Mama mmoja tunayefanya naye kazi akanishika mkono.

“Mwanangu, majivu haya ya wapi?”

“Ya jikoni kwangu, mama.”

“Ya lini?”

Nikataka kusema ya msiba, ndipo nikakumbuka. Kuni zile hazikuwa zangu. Mlizileta ninyi, kila nyumba na mti wake, mringaringa, mwerezi, sijui nini, zikawaka kwangu tangu siku ya mazishi. Jiko langu lilikuwa limebadilika na mimi sikuwa na habari. Nikakaa chini pale pale nikalia kwa sauti, mpaka Mzungu akatoka nje.

Yule mama akamfuata, akamweleza. Tukachoma vigae, tukayatenga majivu yale, nikabaki kazini. Namshukuru Mungu, namshukuru na yeye. Ganzi haijaisha yote, siwadanganyi. Asubuhi nyingine naamka vile vile.

Lakini sasa hata majivu yangu nayapima. Na ninyi, mfiwa akionekana ni yule yule mliyemzoea, msimwamini haraka. Mwulizeni mara ya pili.

Na zile kuni, ndugu zangu. Siku zile sikumshukuru hata mmoja wenu. Asanteni kwa kuni.