Kapu la Malimbuko Nililoliachia Mtoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walioshiba, asifiwe na wenye njaa, maana mimi nimemsifu katika hali zote mbili na sauti ilikuwa ile ile, ila ya njaa ilikwaruza kidogo.

Mimi ni Bibi Filomena wa huku milimani Kipatimu, kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kiko bondeni upande wetu wa mto, na parokia iko ng'ambo. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanapita njia ya mbuzi, yanapinda na kurudi, mnivumilie. Mbuzi naye hufika. Wenzangu wa jumuiya wameniomba nishuhudie yaliyonipata masika, nami nimekubali. Lakini nawaambia mapema, sikuja na jibu. Nimekuja na ushuhuda, na nyuma yake kuna swali linaloniwasha kama upupu.

Tunafundishwa kwamba Mungu ni wa kwanza, wenzako wanafuata, wewe mwenyewe ni wa mwisho. Nimelisikia hilo tangu nikiwa binti na sijalikataa. Ila nauliza, linafanywaje? Kwenye kupakua chakula najua. Mgeni kwanza, halafu baba, halafu watoto, mimi nakwangua sufuria. Na ukoko mtamu, msinihurumie! Lakini Mungu hana sahani. Unampakulia wapi?

Basi sikilizeni.

Mwanangu Deo ameoa binti mzuri anaitwa Anastazia, kwao Kilangala kule Lindi vijijini. Mkwe huyu aliingia nyumbani kwangu na heshima zake zote, shikamoo mama asubuhi, shikamoo mama jioni, mpaka nikamwambia mwanangu, shikamoo za siku nzima nitaziweka wapi? Moja inatosha. Lakini alikuwa na huzuni. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Alipopata ya tatu akawa anatembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na mimi nyuma yake nimeshika moyo.

Ndipo nikaweka nadhiri. Nilisimama mbele ya altare nikasema, "Bwana, mtoto huyu akizaliwa mzima, malimbuko ya mwaka huu ni yako kwanza. Hakuna mdomo nyumbani kwangu utakaogusa hindi kabla yako. Hakuna!" Hilo la mwisho nililisema kwa sauti, na Anastazia alikuwa pembeni yangu akalisikia.

Kwa asiyejua desturi yetu: hindi la kwanza likianza kukauka nywele halichomwi ovyo. Linavunjwa, linaingia kapuni, linapelekwa kanisani Jumapili ya malimbuko. Padri akishabariki, hapo ndipo moshi wa mahindi ya kuchoma unapanda nyumba kwa nyumba. Mtoto akionekana anatafuna kabla ya hapo anakimbizwa mpaka kisimani. Kila mwaka padri huvuka mto kuja kwetu kigangoni, na kila mwaka tumengoja. Si kazi kungoja ukiwa na unga ndani.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, analia kama jogoo! Tulipiga vigelegele tukacheza, nikasahau goti langu bovu, kesho yake goti likanikumbusha.

Halafu ikaja njaa ya kifuku, ya msimu wa mvua. Mnaifahamu wenyewe. Ghala limefagiliwa, na shambani chakula kinakutazama lakini bado. Mihogo yetu nguruwe pori waliimaliza. Ming'oko, vile viazi vya porini, haikuwa msimu wake. Deo alikwenda Njinjo kupalilia ufuta wa watu ili alete chochote, mvua zikamfungia huko huko. Mvua gani zile, ndugu zangu! Daraja la magogo likachukuliwa. Pikipiki hazikupita. Habari ikaja kwa simu ya katekista kwamba padri hawezi kuvuka, malimbuko yameahirishwa mpaka maji yapungue.

Mahindi yangu yalikuwa tayari. Yamekaa pale nyuma ya nyumba, yamenona, nywele zimeshakuwa kahawia. Na mkwe wangu mzazi anakunywa maji ya mchicha. Mke wa jirani alikuwa akituletea bakuli la uji, lakini na yeye ana watoto, bakuli likawa linakuja likipungua. Maziwa ya Anastazia yakakatika. Mtoto anavuta, anaachia, analia. Kisha akaanza kulia kidogo kidogo, na anayejua watoto anajua kwamba kilio kidogo ndicho kibaya.

Mtaniuliza, kwa nini hukuchuma? Nilimwogopa Mungu, ndugu zangu. Nilimwogopa kama mwenye shamba aliyejificha vichakani, anangoja uguse hindi moja atoke na fimbo. Nilijua fimbo ingempiga nani. Mtoto alipatikana kwa nadhiri, nikiivunja atarudi alikotoka. Anastazia naye aliwaza hivyo hivyo. Hakuwahi kuniomba hata hindi moja! Tulikuwa wanawake wawili tunamlinda mtoto kwa kumnyima.

Asubuhi moja nikaona sina budi. Kama padri hawezi kuvuka, nitavuka mimi. Nitafikisha malimbuko parokiani, nitarudi, mkwe wangu atakula mchana. Nikavunja mahindi nikajaza kapu, nikajitwika, nikashuka mtoni.

Pale chini ana shamba la mpunga jirani yetu Mzee Mbwana, Mngindo, mtani wangu mimi Mmatumbi. Mtani, mnajua, hana adabu kwa mtani wake na hakuna wa kumshitaki. Ni Mwislamu safi, mtu wa swala tano, na siku hizo walikuwa kwenye mfungo wa Ramadhani. Alikuwa anafukuza ndege kwenye mpunga. Kuniona na kapu akapiga kelele.

"We Filomena! Unahamia wapi na mahindi mabichi?"

"Parokiani!"

"Parokiani umesahau nini? Mto umejaa huo!"

"Mtu mzima anajua kuvuka!"

"Nyie Wamatumbi mnajua kupanda milima. Maji waachieni samaki!"

Nikakaza kitenge. Nikaingia. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Katikati nikakanyaga jiwe, jiwe likaondoka, na mimi nikaondoka nalo.

Sijui nilikwenda umbali gani. Nilijikuta nimeng'ang'ania tawi la mti uliolala majini, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nimekumbatia kapu. Mpaka leo nashangaa. Maji yananiingia puani, kitenge kimekwenda, na kapu ninalo! Mwili huwa unajua unachoogopa zaidi, nao haukuogopa mto.

Mtani wangu aliuacha mpunga kwa ndege akakimbia ukingoni na mwanzi mrefu. Akaingia mpaka kifuani, mkono wake mmoja kwenye mizizi, akanyoosha mwanzi.

"Shika!"

"Sina mkono!"

"Huo mwingine umeshika nini?"

"Kapu!"

"Liachie!"

"Siliachii! Ni la Mungu!"

Wimbi likampiga usoni, akameza maji, akakohoa, na hapo akanitukana tusi la utani ambalo haliandikiki. Kisha akasema:

"Kama ni la Mungu mwachie mwenyewe alibebe! Ameshindwa kapu, huyo aliyeumba mto?"

Ndugu zangu! Nimesikiliza mahubiri mengi, na mengine nimeyasinzilia, Mungu anisamehe. Lakini hakuna neno lililoniingia kama lile la Mngindo aliyejaa tope. Kichwa changu kikawa na utulivu wa ajabu. Nikawaza: nikiachia tawi, mimi na kapu sote tunakwenda, na kule nyumbani nani atamchomea hindi yule binti? Nikiliachia kapu, nimevunja nadhiri. Basi nikasema, "Bwana, lichukue mwenyewe, mimi limenishinda." Nikafungua mkono.

Kapu halikuzama haraka. Lilizunguka kidogo mbele yangu kama linaniaga, mahindi yakatoka moja moja, yakaenda. Nikashika mwanzi. Mtani akanivuta kama gunia.

Pale kwenye majani tulilala wote wawili tunahema. Mimi nalia. Yeye anatema maji.

"Mtani, nimekuharibia," nikamwambia. "Umekunywa maji, na umefunga."

"Maji? Nimekunywa mto mzima! Hapo Njinjo hawana cha kuchota."

"Na funga yako?"

"Funga nitailipa baada ya sikukuu. Wewe ningekulipaje?"

Nikamtazama. Nikamuuliza kwa kweli, si kwa utani, maana lile swali lilikuwa limeshaanza kuniwasha. Nikasema, mtani, Mungu si wa kwanza kwako? Ulipoingia mtoni ulimwacha wapi?

Akajikuna ndevu. "Sikukaa nikapanga nani wa kwanza. Nilikuona wewe na niliona maji. Mengine kamuulize padri wako, mimi nina ndege kwenye mpunga." Akainuka, akachechemea akaenda zake. Kisha akageuka. "Na ukifa siku nyingine usife Ramadhani! Matanga bila chakula mchana nani atakuja?"

Nikapanda nyumbani nimelowa. Sikuingia hata ndani. Nilipita moja kwa moja shambani, nikavunja mahindi mengine, nikawasha moto, nikachoma. Harufu ikatoka, Anastazia naye akatoka na mtoto mgongoni. Alipoona ninachofanya alisimama mlangoni akashika fremu.

"Mama, padri amevuka?"

"Hajavuka."

"Umefika parokiani?"

"Sikufika. Kula."

"Mama, bado hatujapeleka." Akarudi nyuma hatua. "Mama, na mtoto je?"

Hapo ndugu zangu palikuwa pagumu kuliko mtoni. Mtoni nilikuwa naamua uhai wangu, bibi kikongwe, nimeshakula chumvi nyingi. Hapa binti wa watu ananiuliza kama Mungu atamchukulia mtoto wake, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, ile 'hakuna' ya kanisani niliisema mimi, si yeye. Yeye alitupa mtoto kabla hata sijapanda mahindi. Kula. Kama kuna fimbo, ije kwangu."

Akala. Alikula huku machozi yanaingia kwenye punje. Akala la pili. La tatu hakulia tena, alitafuna tu. Mimi nikakaa kwenye kigoda nikimtazama mtoto, natazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke. Nawaambia ukweli, sikuwa na imani kubwa. Nilikuwa na hamu ya kujua. Nilitaka kuona Mungu niliyemwabudu miaka yote ni yupi: yule wa vichakani mwenye fimbo, au yule aliyemtuma mtani wangu na mwanzi.

Jioni ile alinyonya kidogo. Kesho yake tukampikia mama yake uji wa mahindi yale, nikayasaga mwenyewe kwenye jiwe, na mchana nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau, mtoto anameza. Glu, glu, glu. Kisha akalia kile kilio chake cha jogoo, cha hasira, cha kuhamishwa titi la pili. Nilitoka nje nikapiga magoti kwenye matope, goti bovu na goti zima pamoja, nikasema asante mpaka maneno yakaisha.

Maji yalipopungua padri akaja kigangoni. Nikamngoja nje ya kanisa. Nikamweleza yote, kapu, tawi, mtani, hindi lililoliwa kabla ya baraka. Nikamuuliza, "Padri, nilipofungua mkono, niliyemwachia ni nani? Nilimweka Mungu wa mwisho au wa kwanza?" Nilitaka jibu, nimelitafuta kwa hamu.

Padri wetu ni kijana, ana haraka ya kuongea. Siku hiyo hakuwa na haraka. Alimtazama Anastazia aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na mtoto, khanga juu yao.

"Ananyonya?" akauliza.

"Ananyonya, Padri."

"Haya, bibi. Ingia tusali."

Tukaingia tukasali. Huo ndio ushuhuda wangu. Swali bado ninalo, na ninalipenda, ninatembea nalo shambani. Mimi naendelea kumweka Mungu kwanza, msije mkasema Bibi Filomena ameasi. Malimbuko nitapeleka tena mwakani, nikijaliwa, tena mahindi yaliyonona. Ila simlindi tena Mungu kwa njaa ya mtoto wa mtu. Nilidhani nikimpa mtu hindi nimemnyang'anya Yeye, na siku niliyompa mkwe wangu ndiyo siku niliyomshukuru nikiwa simwogopi.

Wewe unayesoma hapo, kama kuna kitu umekikumbatia kwa jina la Mungu na kinakuzamisha, pamoja na watu wa nyumbani kwako, mjaribu Bwana. Fungua mkono uone. Mimi nilifungua kwa sababu nilishindwa, wala sikuwa shujaa, na nilimkuta yupo. Sifa ni zake, leo na siku zote, na za mtani wangu kidogo, ila msimwambie.