Spika Hakufa kwa Uzembe

Wasikilizaji wapendwa, leo mtanisamehe. Kila Jumapili naketi kwenye kiti hiki kuwakumbuka waliotutangulia, na kila Jumapili najitahidi niongee kwa upole, kwa sababu najua upande wa pili wa redio kuna mtu ana machozi. Leo upole umenishinda. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Tunamkumbuka mkataji keki. Msicheke. Si keki ya harusi ninayoisema. Marehemu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha unga, kwenye mnara wa kuhifadhia mahindi, na mtaa mzima ulimwita Spika. Alifariki Alhamisi, akiwa kazini, ndani ya mnara. Narudia kwa wale waliochelewa kufungua redio: Spika alifariki kazini, ndani ya mnara, chini ya mahindi.

Sasa, keki ni nini? Mahindi yakiingizwa mnarani na unyevunyevu, yanapata joto, yanaota ukungu, yanashikana. Baada ya muda, juu panakuwa na gamba gumu ambalo mtu mzima anaweza kulikanyaga kama sakafu. Gamba hilo ndilo wafanyakazi wanaliita keki. Hawakulitunga wao. Mnara uliletwa na kitabu chake cha Kiingereza, na humo imeandikwa kwamba nafaka yenye maji hugeuka keki.

Juzi nilimpigia mwalimu mmoja wa lugha nikamuuliza neno hili limetoka wapi. Akaniambia Waingereza nao waliliokota kwa watu wa kaskazini, waliovuka bahari zamani sana wakaja kukaa kwao. Wakati ule lilikuwa jina la kipande cha mkate bapa tu, tena hakina utamu wowote. Baadaye likashika kila kitu kilichobanwa au kukauka kikawa kigumu. Kipande cha sabuni, bonge la chumvi, tope lililogandia kiatuni, vyote kwao ni keki. Sisi tukapokea ile ya sukari, ile ya tope ikatufikia na mnara. Mwalimu akasema ndivyo lugha zilivyo, zinatembea.

Nikamwambia sawa, mwalimu, zitembee. Lakini neno hili lina sura nzuri mno kwa kazi chafu. Ukimwambia mtu umetumwa ukakate keki, anacheka. Msimamizi wa zamu alikuwa anacheka. Lingekuwa na jina baya, huenda angefikiri mara mbili kabla ya kumpandisha binadamu juu yake.

Turudi kwa Spika. Jina hilo alipewa kwa haki. Mama yake anasema siku aliyozaliwa alilia mpaka wazazi wa wodi ya jirani wakatuma mtu kuuliza kuna nini. Shuleni alikatazwa kumnong'onezea mwenzake majibu, kwa sababu darasa zima lilikuwa linapata. Mke wake ananiambia alimtongoza kwenye foleni ya maji. Alitaka kumwambia siri sikioni, basi foleni nzima ikageuka, na bibi mmoja wa mbele akajibu kwa niaba yake kwamba msichana atafikiria. Nikamuuliza shemeji yetu, ilikuwaje ukakubali? Akasema alikubali ili anyamaze, na hata hilo hakulipata. Alicheka aliponieleza hivyo. Kisha akajifunika uso na kanga.

Walijaliwa mabinti wawili. Spika alikuwa mbishi, mpenda sifa kidogo, na kwenye bao alikuwa anaiba kete mchana kweupe. Sitaki kumfanya malaika. Lakini kwenye jambo moja hakuwa na mzaha kabisa, nalo ni mashine ya chini.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo kisa kilipo. Chini ya mnara kuna chuma kirefu kilichosokotwa. Kikizunguka, kinavuta mahindi na kuyatoa nje. Mkataji anaingia kwa juu, kamba kiunoni, mtaimbo mkononi, anasimama juu ya keki na kuivunja. Chuma kile kikizunguka wakati yuko ndani, mahindi yanaondoka chini ya keki, na keki inabaki juu inaning'inia. Kwa macho bado ni sakafu. Chini yake ni shimo.

Pale kiwandani ilishakuwa desturi kukata keki huku mashine inazunguka. Wanasema mahindi yakitembea, keki inalegea, kazi inaisha upesi. Spika alikataa. Mashine ikiwa inazunguka, haingii. Siku moja walipomlazimisha alishuka, akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akavua viatu. Wakamwita mwoga mbele ya wenzake. Yeye akawajibu kwamba woga wake una mke na watoto wawili.

Tena alikuwa na utaratibu wake. Akiwa ndani, alikuwa anaimba. Alikuwa na wimbo mmoja, na maneno yake nusu alikuwa anayabuni, lakini aliupiga kwa ile sauti yake mpaka walioko chini wakaomba po. Alifanya hivyo ili wajue yuko ndani na yuko mzima.

Alhamisi asubuhi mashine ilizimwa. Spika alihakikisha mwenyewe, akapanda, akaingia. Juu mlangoni alibaki mwenzake wa kushika kamba. Chini, kwenye magunia, alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, maana ndugu hawa wawili walikuwa kiwanda kimoja. Malori yakaanza kujipanga getini. Madereva wakapiga honi, zikaufunika wimbo wa Spika. Msimamizi wa zamu akamwita mshika kamba ashuke kusaidia kupakia. Akashuka. Kisha msimamizi akamwambia mtu wa swichi awashe mashine.

Mtu wa swichi nimekutana naye. Alikuja hapa studio kwa miguu yake, hajalala tangu siku ile, na ameniruhusu niseme alichoniambia. Alisema hivi: "Niliuliza kama Spika ametoka. Nikaambiwa ametoka, washa, malori yanasubiri."

Hakuna aliyepanda kuangalia. Ngazi ipo. Miguu wanayo.

Mashine ikianza kuzunguka pale, hata mtu akipiga ngoma humsikii. Mdogo wake anasema alishtuka alipoona vipande vya keki vinatoka na mahindi, vibichi, vimevunjika muda huohuo. Akapiga kelele wazime, akakimbilia ngazi. Alipofika juu, hapakuwa na sakafu. Palikuwa na kamba tu, imeshuka ndani ya mahindi. Aliivuta peke yake mpaka viganja vikachubuka, na mpaka leo amevifunga kitambaa.

Sasa niwaambie kilichonipandisha damu. Ijumaa kiwanda kimetoa taarifa ya rambirambi, na nimeombwa niisome hewani. Naisoma sentensi moja. "Tunasikitika kumpoteza mfanyakazi wetu kutokana na kutozingatia kwake taratibu za usalama." Mwisho wa kunukuu. Nyingine siisomi, na mhariri wangu anajua kwamba siisomi.

Kutozingatia kwake! Mtu pekee aliyekuwa anakataa kuingia mashine ikizunguka! Mtu aliyeitwa mwoga kwa sababu hiyo hiyo! Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hawa wameligeuza sera. Jumba bovu wamemwangushia maiti, maana wanajua maiti habishi. Huyu ambaye akiwa hai mngemsikia mtaa wa pili. Haya hawana, soni hawana, na rambirambi wameiandika kwa karatasi yenye nembo.

Mtu wa swichi hakujificha. Kabla ya mazishi alikwenda nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu, akasema mkono uliobonyeza ni huu. Watu walitaka kumtoa. Mama akawazuia, akamwambia, "Wewe uliuliza, mwanangu. Waliokujibu ndio wenye deni na mimi. Kaa hapa karibu yangu." Na alikaa karibu yake mpaka mazishi yakaisha.

Ningependa kuishia hapo, wasikilizaji wapendwa. Lakini keki haijaisha. Nusu yake imebaki imeng'ang'ania ukuta wa mnara, na mahindi yanatakiwa. Jana, udongo wa kaburi haujakauka, msimamizi alituma ujumbe nyumbani kwa wafiwa. Kesho Jumatatu asubuhi mdogo wa marehemu afike kukata iliyobaki. Eti yeye ni mwepesi, na kazi hiyo ni ya ukoo wao.

Nimeurudia ujumbe huo kwenye simu ya kijana mara nyingi, nikidhani nimesoma vibaya.

Mama alisema haendi. Mmoja amezika, wa pili hamtoi. Mdogo mtu aliangalia viganja vyake. Kisha akamwambia mama yake kwa heshima kwamba akikataa yeye, ataitwa kibarua mwingine pale getini, asiyeijua mashine ile wala desturi ile, na huyo naye ana mama. Alisema ataingia, mashine ikiwa imezimwa, kama kaka yake alivyokuwa anataka. Wakabishana sana. Mke wa marehemu alikuwepo, na mimi nilikuwepo.

Kwa mama, kwa mjane, kwa mabinti wawili na kwa mdogo wa marehemu, sisi wa redio tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu, na amlaze Spika mahali pema. Hakufa kwa uzembe wake. Naomba hilo mlibebe mkalirudie sokoni, kazini, vibarazani, hadi wenye taarifa yao waifute. Na wewe unayesikiliza, ambaye kazini kwako kuna desturi kila mtu anajua itaua mtu siku moja, fikiri leo utamtazama nani machoni siku hiyo ikifika.

Sasa nimalize na aliyoyasema mama. Baada ya mabishano yote alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akamwambia mwanawe, "Utaingia, sawa. Na muda wote utakaokuwa humo ndani, mimi nitakuwa nimekaa mbele ya swichi. Anayetaka kuwasha aniondoe kwanza."

Mtu wa swichi amesema atakaa naye. Mjane atakuwepo. Mimi nitakuwepo. Geti la kiwanda linafunguliwa saa moja asubuhi, na vigoda mnavyo majumbani.