Kadi Kumi na Moja za Nyakio

Wapendwa waombolezaji, Nyakio Mathenge, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 15 Machi 2008, alizaliwa Gilgil tarehe 4 Mei 1969, akiwa kitinda mimba wa Mzee Mathenge, akasoma shule za hapo hapo, akafuzu uuguzi mwaka wa 1991, na tarehe 10 Desemba 1994 akaolewa mjini Nakuru na Kiarie, muuza vipuri vya magari, ambaye ndiye huyu anayewasomea. Mungu akawajalia mabinti wawili, Shiru na Wariara.

Kiarie hatawaficha kitu, maana nusu yenu mnajua tayari na wengine mtaambiwa wakati wa chakula: alikuwa na wivu. Alimwonea wivu yeyote aliyemchekesha mkewe, na kuanzia tarehe 15 Septemba 2007, Nyakio alipoanza kutoka nyumbani Jumamosi amebeba kikasha cha barafu, wivu huo ukazidi. Mwezi wa Desemba akakuta kadi kumi na moja kwenye mkoba wa mkewe, Jonah, Wamalwa, majina ya wanaume watupu, kila jina na tarehe zake, wala hakuuliza, akazitia zote kwenye jiko la makaa.

Lo! Zilikuwa kadi za chanjo. Wenyewe ni watu wanaojidunga dawa za kulevya, hao mnaowaita mateja, waliofukuzwa foleni ya zahanati wakiambiwa wakaoge kwanza, basi Nyakio, kwa ruhusa ya mkubwa wake, akawafuata kwenye gereji moja nyuma ya soko, akawachanja dhidi ya homa ya ini inayoenea kwa kuazimana sindano, na kadi akawawekea yeye, kwa sababu polisi wakimkuta mtu nayo walimtambua kuwa ni teja, wakamtupa seli. Chanjo hiyo huchomwa mara tatu, ya mwisho miezi sita baada ya ya kwanza, na bila hiyo kinga haikamiliki. Nyakio hakupiga kelele, alisema tu kwamba angeulizwa angejibu.

Januari vurugu za baada ya uchaguzi zikawatawanya, wengine kwenye kambi ya wakimbizi ya Showground, wengine Gilgil, mmoja hadi Kamere, na Nyakio, bila kadi, akawatafuta kwa miguu, hema kwa hema, huku Kiarie akinung'unika kwamba yeye hata apotee hatafutwi hivyo. Baridi ya kambini ikamwingia kifuani, ikawa nimonia, akalazwa tarehe 27 Februari. Kitandani alimwambia Kiarie ashike kalamu, akamtajia majina yote kumi na moja, mahali alipo kila mmoja, na tarehe yao ya mwisho, pumzi ikimkatika, na Kiarie akaandika, halafu akabaki na kalamu mkononi akingoja atajwe na yeye. Hakutajwa. Nyakio alifariki tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake, hasa muuguzi Owuor, aliyesimama pale kando ya hema na kikasha cha barafu. Wiki hii Kiarie aliwafuata mwenyewe wale kumi na mmoja, wamekuja wote, wamekaa nyuma kabisa, wanamlilia mathe wao, yaani mama yao, kuliko sisi tuliozaliwa naye na kuoana naye, na hilo linamuuma. Njooni mbele. Leo ndiyo tarehe yenu ya sindano ya tatu, hata siku ya kumzika mmegawana naye, na jeneza halishuki mpaka wa mwisho wenu achomwe. Pumzika, Nyakio, usiwahesabu tena, Kiarie anawahesabu mwenyewe, na bado anawaonea wivu.