Gari Namwachia Anayekanyaga Taratibu

Yousuf, baba, punguza mwendo. Ndiyo kwanza tumeipita Bunju, Kiwangwa bado iko mbali, na mimi nina maneno ambayo hayawezi kusemwa kwa kasi hii unayonikimbiza nayo. Najua unachokiogopa, nisije nikakufia njiani. Lakini madaktari wamesema lao, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba nirudishwe nikalale kitandani kwangu, kwa hiyo hakuna tunachokiwahi. Haya, nitegeeni masikio nyote watatu: wewe Yousuf uliyeshika usukani, wewe Mikdad uliyekaa kando yake kimya kama abiria wa kulipa nauli, na wewe Shufaa uliyenilaza kichwa mapajani pako, mwanangu, na unayenidondoshea machozi usoni ukidhani sijui kwamba ni ya kwako.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Mimi Zuwena, mwili umechoka lakini akili ninayo, nakiri kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Yeye, na Muhammad ni mjumbe wake, na haya ninayoyasema humu ndani ya gari ndiyo wosia wangu. Sikuuficha mwingine popote, msije mkafukua magodoro.

Nianze na shukrani, maana ndizo nyingi. Yousuf, umelala sakafuni hospitali, wewe uliyezoea kitanda cha foronya, ukaniinua kila nilipotaka kuinuka, na sikukusikia ukilalamika. Shufaa umeniogesha kama nilivyokuogesha, na ulipoona naona haya ukaanza kunisimulia umbea wa mtaani ili nicheke. Mikdad umekuja na kurudi kutoka Kiwangwa na chupa ya uji wa muhogo ulioukoroga mwenyewe, mbaya kweli, baba, una mabonge, na niliunywa wote. Mwenyezi Mungu awalipe, mimi sina cha kuwalipa kinachofanana na hicho.

Nyumba na shamba la mananasi ni vya Yousuf na Shufaa, kwa mafungu aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu, na sina ruhusa ya kuyapunguza wala kuyaongeza. Shamba msiliuze vipande vipande kama wanavyouza watu wa Mapinga hapa tunapopita, tazameni, jana korosho, leo ukuta na geti. Nadaiwa siku za Ramadhani nilizokula kwa sababu ya maradhi. Walisheni masikini kwa niaba yangu, na chakula kiwe cha kushiba, siyo cha kuonyesha watu. Na majirani zangu mniombee radhi kwao, hasa wale niliowagombeza kwa kupitisha mbuzi shambani, ingawa mbuzi wao walistahili.

Limebaki gari hili, na hapo ndipo penye neno. Jana mlisimama ukumbini kule hospitali, Yousuf na Shufaa, mkidhani nimelala, mkakubaliana kwamba nikishazikwa gari liuzwe kwanza kwa kuwa ndilo jepesi kugawanywa. Sikukasirika. Mali ya mama yenu ni mali yenu, na sheria iko nanyi. Lakini mlisahau kwamba anayekula kwa gari hili, anayebebea watu mananasi yao mpaka sokoni Bagamoyo, ni Mikdad, na Mikdad kwangu hana fungu kwa sababu sikumzaa. Gari likiuzwa, ndugu yenu anabaki na mikono mitupu. Taratibu, Yousuf, tuta lile mbele umeliona tangu kule, mbona bado unakanyaga? Utalifikia, utapiga breki, tutarushwa sote, kisha utaanza kuvuta upya. Mwendo huo unaouua kwa breki ulishauchomea dizeli.

Maneno hayo si yangu, ni ya baba yenu Shuaibu, Mungu amrehemu, na sasa nitawaambia aliyapata wapi. Mikdad, hili hukuwahi kuambiwa lote. Unajua mama yako Sihaba alifariki siku aliyokuzaa. Hujui alifarikije. Mimi nilikuwa bado sijaolewa katika nyumba ile, ila Shuaibu alinisimulia mara moja, na hakurudia tena. Miaka ile mafuta yalikuwa adimu, na baba yako aliazima gari pamoja na dereva wake ampeleke mkewe hospitali ya Bagamoyo. Tangini mlikuwa na dizeli kidogo, ya kufikia tu kama mtu angekwenda kwa utulivu. Dereva yule hakuwa mtu mbaya. Alimsikia mwanamke analia nyuma, moyo ukamwenda mbio, na mguu ukaufuata moyo. Akakanyaga mpaka chini, injini ikawa inapiga kelele katika gia ndogo, moshi mweusi ukafunika njia, na moshi ule, watoto wangu, ni mafuta yanayotupwa bila kufanya kazi. Kila shimo alilifikia kwa kasi, akalipigia breki, akavuta tena. Kabla ya kufika Makurunge gari likazima. Tangi kavu, porini, Sihaba yumo ndani. Wanawake wa vitongoji vya pale walimsaidia, ukatoka wewe mzima, na yeye akavuja damu mpaka ikamwisha.

Nyamaza, Shufaa. Muache Mikdad atazame dirishani, na asiulizwe kitu.

Baba yenu hakumtukana dereva yule hata siku moja, na yule alipokufa alikwenda kumzika. Ila alijifunza kuendesha, akaendesha kama mtu aliyebeba maji kwenye sinia. Nilipolinunua gari hili kwa mananasi ya shamba aliloniachia baba yangu, yeye ndiye aliyelishika. Alivua kandambili akakanyaga kwa unyayo mtupu, alisema anataka kuisikia injini inaomba nini. Dizeli ina nguvu chini, alisema, haihitaji kupigiwa kelele. Ikishaanza kuvuta, panda gia, iache ifanye kazi. Akiona tuta, au ng'ombe, au watu wanavuka, aliuondoa mguu mapema, gari likapungua lenyewe likiwa ndani ya gia. Akivuka themanini alicheka, akasema sasa mke wangu tunashindana na upepo, na upepo hauchoki, sisi ndio tutakaokwenda kutafuta kituo cha mafuta. Upepo wa tairi aliupima kila Ijumaa kabla ya swala. Ile keria ya juu aliing'oa kwa sababu haikuwa na mzigo, ikivuma tu. Nilimcheka sana. Nilimwambia punda wa mjomba atatupita. Siku moja akatupita kweli, na Shuaibu akampungia mkono.

Kilichobaki kwa mwendo ule ndicho kilichotulea. Mnaijua robo ya watu, mmekulia nayo, ila labda hamkujua ilikotoka. Mshale wa mafuta ukigusa robo, biashara ya siku hiyo imekwisha, mananasi yalale, hata mteja apige kelele. Kilichomo chini ya hapo ni cha mwenye uchungu, cha aliyeumwa na nyoka, cha jeneza linalokwenda kwao. Wewe Shufaa ulizaliwa hospitali kwa robo hiyo, nami nikakulaza kifuani nikarudi nyumbani hai. Kila nikikumbuka namshukuru Sihaba, ambaye sikuwahi kumwona. Aliniachia mume aliyejua kupunguza mwendo, akaniachia na mtoto wa kiume. Nilipoingia nyumba ile Mikdad alikuwa anatambaa. Alinishika pindo la kanga yangu ya harusi, hakuliachia mpaka jioni, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwa mama.

Sasa Yousuf, unaujua ugomvi wako na kaka yako, nami nataka kuumaliza humu humu. Ulilichukua gari hili kwenda harusini Mapinga, ukalirudisha bila kujua kwamba mshale umelala kabisa, maana ulikwenda nalo kama unavyokwenda leo. Kesho yake Dija, mkwe wa jirani yetu, akashikwa na uchungu, Mikdad akawasha gari, likakohoa likanyamaza. Mtoto alizaliwa mkekani salama, alhamdulillahi, na sasa anarusha mawe kwenye bati langu. Lakini Mikdad alikuita muuaji. Lilikuwa neno zito, Mikdad, na hukupaswa kumwambia ndugu yako. Na wewe Yousuf ukamjibu mbele ya watu kwamba yeye si wa nyumba hii, kwamba kwa mama yako hana fungu. Tangu siku hiyo mnasalimiana kwa kidevu. Umesikia sasa jinsi alivyozaliwa. Alikukasirikia akiwa hata hajui kisa hicho, baba yake alikuwa amemtia mguuni kile ambacho hakuweza kumwambia kwa mdomo.

Shufaa, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Hapa Bagamoyo, nasikia harufu ya samaki wanaokaangwa. Sitashuka. Tukishakata kona ya kwenda Msata, Yousuf, simama pembeni. Nimeshamuuliza sheikh, naye akaniambia kwamba asiye mrithi naweza kumuusia, mradi nisizidi theluthi ya mali yangu, na gari hili kuukuu haliifikii hata kwa mbali. Kwa hiyo mshuhudie, wewe na dada yako: gari hili ni la Mikdad. Simpi kwa kumhurumia. Nampa kwa sababu mafuta yakiwa mkononi mwake huwa yanabaki, na yanayobaki wanapata watu. Wewe, Yousuf, sikunyimi kitu kilicho chako, na nakupenda kwa pupa yako yote; ndiyo hiyo hiyo iliyokufanya unibebe mgongoni ngazi zile za hospitali lifti ilipokufa. Ila sitaki ukubali kwa kuwa nakufa. Nataka ukubali kwa kuwa ni haki.

Umesimama. Vizuri. Mtolee ufunguo, umwekee mkononi, na umwambie mwenyewe. Sema nisikie.

Eeh. "Kaka, chukua, ni lako, nisamehe." Nimesikia. Na wewe Mikdad mjibu, usimeze maneno. Haya, kumbatianeni huko huko nje, msione haya, wenye bodaboda wameshaona makubwa kuliko hayo. Namshukuru Mungu. Nilikuwa naogopa nitaondoka kabla.

Yousuf, njoo huku nyuma, ukae miguuni pangu. Mikdad, endesha.

Ah. Sasa hivi sihisi hata gia zikibadilika. Wanangu, mtanizika Kiwangwa, kando ya Shuaibu, na upande wake wa pili ni Sihaba, tumwache katikati. Msichelewe kunizika kwa kungoja watu wa mbali. Chakula cha matanga kiwe cha kawaida. Kanga zangu apewe Shufaa, agawe anavyotaka.

Nimewaridhia. Yousuf, nimekuridhia. Shufaa, Mungu akupe watoto wakutunze kama ulivyonitunza. Mikdad... hukutoka tumboni mwangu, lakini ulinikuta nikiwa sijui kitu, ukanifundisha kuwa mama. Mungu akubariki kwenye kila safari, wewe na utakaowabeba. Mungu awabariki wote.

Macho yamekuwa mazito. Mikono yenu iko wapi? Hii ya nani? Ya Yousuf. Mbona baridi, baba, ni mimi ninayepaswa kuwa baridi.

Mikdad. Unanisikia? Nitanyamaza sasa. Huenda nikalala, huenda ikawa siyo usingizi, na wenzako watakulilia huku nyuma. Wewe usiongeze mwendo.