Fransis Mrope, Aliyekataa Kuandika "Uzembe"

Ndugu, majirani, na nyie mliokuja kumsindikiza kaka yetu, tumsifu Yesu Kristo, na asalaam aleikum. Ninayesoma ni Marietha, mdogo wake wa mwisho. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe, na kukiwa na kosa ndani yake ni langu.

Marehemu Fransis Alfonsi Mrope alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 katika kijiji cha Mwena, Ndanda, wilayani Masasi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Alfonsi Mrope na marehemu Mama Felicitas.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Alipokuwa darasa la tano na kiranja, siku moja mwalimu alitoka akamwachia kazi ya kuandika wapiga kelele. Mwalimu aliporudi alikuta majina manne, na la nne lilikuwa Fransis Alfonsi. Alichapwa pamoja na wenzake. Nyumbani mama akamwuliza, "We mtoto, umerogwa? Mtu anajiandika mwenyewe?" Akajibu kwamba na yeye alipiga kelele. Tulimcheka miaka mingi kwa hilo. Sekondari alimaliza Mtwara mwaka 1984, kisha akasomea utawala ngazi ya cheti.

Mwaka 1990 aliajiriwa hapa Dar es Salaam kama karani katika kiwanda cha ndoo na mabeseni huko Ubungo, na mwaka 2004 akawa Afisa Utumishi. Jina la kiwanda silitaji. Wakati ule ufunguo wa choo cha wanawake alikaa nao msimamizi wa zamu, na mama aliyebanwa ilibidi auombe mbele ya wanaume. Fransis aliandika barua tatu kuomba kitasa kiondolewe. Ya nne hakuandika, alikuja na bisibisi. Wakubwa walicheka, wakamwachia. Kila Jumatatu kabla ya zamu alisimama getini dakika kumi akiwasomea vibarua haki zao: mkataba, likizo ya uzazi, vifaa vya kujikinga. Wengine walisinzia wamesimama, lakini walizijua.

Tarehe 23 Septemba 1995 alifunga ndoa na Rosalia Benjamin, fundi cherehani wa Mwananyamala Kisiwani, wakajaliwa mtoto mmoja, Jenipher. Wifi yangu Rosalia alitangulia mbele ya haki mwaka 2015. Jenipher akaolewa Tabora, na Fransis akabaki na nyumba.

Jumatano ya tarehe 15 Machi 2017, kibarua aitwaye Zubeda alikatwa vidole vitatu na mashine. Kinga ya mashine ile ilikuwa imefunguliwa wiki nzima kwa amri ya wakubwa, ili kazi iende haraka. Fomu ya ajali ililetwa mezani kwa Fransis ikiwa imeshajazwa. Penye chanzo cha ajali paliandikwa "uzembe wa mfanyakazi", na ilibaki saini yake tu. Alilikata neno uzembe, akaandika kwamba kinga ilikuwa imefunguliwa, akamtaja na aliyeamuru. Zubeda alipata haki yake. Lakini mashine zilisimamishwa wiki tatu kwa ukaguzi, vibarua wakarudishwa nyumbani, na lawama zikamwangukia yeye, hata kutoka kwa wale aliokuwa akiwasomea getini. Alihamishiwa stoo ya mabeseni mabovu, akakaa humo peke yake miaka mitano. Alinisimulia kwamba akikaa kantini, waliokuwa mezani walinyanyua sahani zao wakahama. Aprili 2022 alipewa barua ya kupunguza wafanyakazi. Aliyepunguzwa alikuwa mmoja.

Baada ya hapo alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Aliongea mambo madogomadogo, mara paka wa jirani, mara mkaa wenye unyevu, ilimradi nisikate. Na mie nilikuwa na haraka zangu.

Aliugua shinikizo la damu kwa muda mrefu. Tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2025, jirani yake mwenye duka, Bi Mahfudha, aliona redio inaongea tangu alfajiri na mlango haujafunguliwa. Wakavunja mlango, wakamkuta sakafuni, amepigwa na kiharusi. Alilazwa Hospitali ya Mwananyamala, na akafariki Jumanne tarehe 10 Juni, saa tisa alasiri.

Juzi Jumatano walikuja wageni wawili kutoka kiwandani, wastaarabu sana. Walisema, "Dada, poleni. Sie tutaleta mabasi mawili, na wafanyakazi watakuja na sare. Kwenye wasifu, hii sehemu ya kazi tumeshawaandikia, msihangaike." Kwenye karatasi yao Fransis alistaafu kwa hiari, na Zubeda hayumo. Binamu yetu Deogratias, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akanivuta pembeni. "Marietha, ni mstari mmoja tu. Nani ataukumbuka? Kaka azikwe na watu."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Mwaka 2017 kaka alinipigia kabla hajaigusa ile fomu, akaniuliza afanyeje. Nilimwambia, "Kaka, saini tu yaishe. Ni neno moja." Akasema, "Hata wewe?" Hakuniuliza tena jambo lolote la kazini.

Karatasi yao niliwarudishia. Kwa hiyo mabasi hayakuja, na tumetembea na jeneza mpaka hapa Makaburi ya Kinondoni. Zubeda nimemtafuta, namba yake haipatikani.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Jenipher, mkwe mmoja, wajukuu wawili, Augustine na Rosalia, kaka mmoja na dada wawili. Wa kazini, baada ya miaka thelathini na miwili, hayupo hata mmoja.

Kaka Fransis, ulikuwa sahihi. Nasema leo mbele za watu, kwa sababu miaka minane ulikuwa hai na sikukwambia.

Mungu akupe pumziko lenye amani.